Pomadi ya Baba Watoto

Kopo ilikuwa nyuma ya mufuko wa makala, makaa yetu ya kupikia, imefunikwa na kitambaa safi. Kopo ya pomadi, ya kijani, ile tuliyokuwa tunanunua kabla nchi za jirani hazijatufungia njia. Wakati ule wa ambargo pomadi ilikuwa imepotea mutaa wetu wote wa Buyenzi. Sukari ilipotea, esansi, petroli ya gari, iliuzwa kwa chupa kama asali, na sisi wanawake tulikuwa tunapaka watoto mawese kidogo kichwani, halafu kutwa nzima nzi zinawafuata. Kwa hiyo nilipofungua ile kopo nikakuta imejaa mpaka juu, mafuta meupe, mazito, laini, nilikaa chini palepale kwenye makala nikasema alhamdulillah. Bwana wangu amenikumbuka.

Alikuwa mutu wa kukumbuka vitu bila kusema. Fundi wa gari, mikono ikinuka garaji hata siku ya sala. Idi ilikuwa imebaki siku tatu, nikafikiri ameficha ili anipe siku yenyewe. Nikajiambia, mi nitamutangulia. Nitatengeneza kichwa ya binti yake, aingie jioni akute mutoto anang'aa, ajue nimeiona zawadi.

Harufu niliisikia, siwezi kudanganya. Lakini nyumba yetu yote ilikuwa na harufu hiyo: mito, pazia, hata mukate. Ilikuwa ndiyo harufu ya chakula chetu.

Binti alikuwa na miaka tisa. Nywele yake ilikuwa nzito, nyeusi. Ukiivuta inafika mabegani, ukiiachia inarudi juu yenyewe. Mama yangu alinifundisha kuitunza ya namna hiyo. Usichane nywele kavu. Anza kwenye ncha, shuka kwenye ngozi polepole. Funga kitambaa kabla ya kulala. Kichwa cha mutoto ni amana, alikuwa akisema, utaulizwa. Kwa hiyo siku ile nilimukalisha katikati ya magoti yangu kama kawaida, nikagawa nywele mistari kwa mistari, nikachota kwa vidole vitatu.

“Mama, inavuta.”

“Tulia.”

“Mama, inanuka kama baba.”

“Basi ni baraka. Inamisha kichwa.”

Jioni bwana wangu aliingia, akanawa, akaenda moja kwa moja kwenye makala. Nikasikia anasogeza mufuko huku na huku.

“Ile kopo ya kijani iko wapi?”

“Nimeiona, baba watoto,” nikasema, natabasamu. “Mungu akulipe.”

“Anilipe nini? Ile ni grese ya ruleman.”

Ruleman ni zile gololi za chuma zinazozungusha gurudumu, na grese ni mafuta yake. Ilikuwa imekosekana mujini. Yeye alikuwa amepata kidogo, ya kutengenezea lori moja, akaimimina kwenye kopo ya pomadi na kuileta nyumbani ili mafundi wenzake wasimuombe. Nilionyesha kwa mukono mutoto aliyekaa mulangoni. Akamuangalia kichwa muda murefu.

“Yote?”

“Nusu.”

Akaegemea ukuta akacheka mpaka machozi. “Basi hii shingo itazunguka miaka kumi bila kulia,” akasema. Lakini mutoto ndiye aliyelia.

Asubuhi nikaharibu zaidi. Niliosha na sabuni ya unga, ile kali ya kufulia, mara mbili. Grese haikutoka, iligeuka matope ya kijivu. Nikakasirika, nikachukua kichanuo, nikavuta. Nywele ikatoka na kichanuo. Pale juu katikati pakabaki pamechakaa kama mahali kuku amelala, na ngozi ikawa nyekundu. Mutoto akashika kichwa kwa mikono miwili akanikimbia. Tangu pale hakutaka mukono wangu umuguse kuanzia shingoni kwenda juu.

Wifi yangu, dada ya bwana, tulikuwa naye ua moja. Alikuja na wembe tayari.

“Nyoa. Nywele ni majani, itaota.”

Binti akaingia chini ya kitanda. Nikalala kifudifudi sakafuni ili nimuone. Akaniambia kwa sauti ndogo, “Mukininyoa, baba atakufa.”

Nilielewa baada ya kumuuliza polepole. Mwaka ule watu wengi walikuwa wamekimbia vita kwenye milima ya Kanyosha na sehemu zingine wakaja kujibana kwetu, kila ua na wageni wake. Watoto wao wengi walikuwa wamenyolewa. Wengine ni kwa sababu ya chawa, wengine kwa sababu ya kilio, maana ndiyo desturi kwa watu wengi huku, mutu akifiwa ananyoa. Binti yangu alicheza nao. Kila mwenye kichwa kilichonyolewa, binti alimuuliza baba yako iko wapi, na wengi walijibu hayupo. Akafanya hesabu yake ya mutoto.

Na baba yake alikuwa na safari. Baada ya Idi alitakiwa kufuata lile lori la grese, lilikuwa limekwama njia ya kusini, njia ambayo magari mengine yalikwenda na watu wake hawakurudi. Sisi wakubwa tulikuwa tunaongea jambo hilo kwa kunong'ona. Kumbe mutoto alisikia yote.

“Huyo anasema ushirikina,” wifi akasema, amesimama juu yangu na wembe, “na we unalala chini unamusikiliza.”

“Mi namusikiliza, wifi.”

Nikamuahidi binti kwamba wembe hautagusa kichwa chake mpaka aseme yeye mwenyewe. Nilimuahidi haraka. Hofu yake mi nilikuwa nayo pia, ila yangu haikuwa na nywele ya kushikilia.

Sasa nikabaki na grese. Jirani mumoja akasema esansi inatoa kila kitu. Nikaazima nusu chupa kwa garaji. Nilikuwa nimekaa nayo uani, nimefungua, nafikiri nianzie wapi, nikasikia sauti nyuma yangu.

“We mama, unataka kumuosha ao kumuchoma?”

Nikageuka nikaona imbabura yangu, jiko la makala, inawaka hatua mbili kutoka miguu yangu. Mama aliyesema akanipokonya chupa taratibu akaifunga.

Alikuwa mugeni wa jirani, mwenyeji wa Kanyosha, Mukatoliki, rozari shingoni. Alikuwa analala chumba cha nyuma na anauza avoka, maparachichi, kwa soko ya Jabe. Tulikuwa tunasalimiana tu. Akauliza kilichotokea, nikamueleza mpaka habari ya kopo. Hakucheka. Akasema, “Mafuta yanatolewa na mafuta.”

Akaenda kwake akarudi na kichupa cha mafuta meusi ya kokwa za mawese, yale wanayopaka watoto wachanga, na kitu kimefungwa kwenye kona ya kitenge. Akayapasha mafuta kidogo. Akamuita binti, na yule aliyenikimbia mi akaenda kwake akakaa. Akamusugua kwa ncha za vidole, si kwa kucha, akaacha dakika nyingi, akapangusa na kitambaa. Grese ikaanza kulegea. Halafu akafungua kona ya kitenge. Ulikuwa unga wa muhogo, mweupe, umechekechwa vizuri.

“Apana, mama,” nikasema. “Hiki ni chakula chako.”

“Leo kichwa ndicho kina njaa.”

Akanyunyiza unga kichwani kwa mutoto wangu, akausugua, ukanywa yale mafuta ukawa vidonge vya kijivu, akavitoa kwa vidole kimoja kimoja. Alifanya hivyo mara tatu. Nilijua wageni wanapewa unga kiasi gani. Kila alipochota nilitaka kumushika mukono, na kila mara nilimuacha achote, maana nilikuwa naona nywele inarudi kuwa nywele. Mwisho sabuni nyeupe ya kipande, maji vuguvugu, na avoka iliyopondwa, ile iliyoiva sana ambayo hakuna mutu anainunua sokoni. Miaka mingi baadaye, nilipoingia masomo ya jioni na mwalimu akatwambia kila mutu aandike kitu anachokijua, nilijaza ukurasa wangu wa kwanza na hii kazi ya yule mama.

Ila pale juu palipovunjika hakukuwa na dawa.

“Lazima tukate, tusawazishe kote,” akasema. “Nywele iliyovunjika inavunja na mwenzake. Ukiacha, itapanda mpaka kwa ngozi.”

Binti akafunga mikono juu ya kichwa. Nikamuambia yule mama sababu. Akafungua kitambaa chake cha kichwani. Nywele yake ilikuwa fupi, urefu wa kipande kimoja cha kidole.

“Wewe nani alikufa?” mutoto akauliza.

“Bwana yangu na mutoto wangu mukubwa.”

“Ulinyoa mbele hawajakufa?”

“Nilinyoa baada. Siku walipokufa nywele yangu ilikuwa inafika hapa.” Akagusa bega. “Ilikuwa nzuri. Haikuwazuia kufa.”

Mutoto alifikiri.

“Mi nangojea baba arudi,” akasema. “Akirudi, mukate.”

Yule mama akaniangalia. Alijua kila siku ya kungojea inakula nywele, na mi nilijua. Nikasema sawa. Nilikuwa nimeahidi.

Idi tuliifanya, binti na mutandio wake. Kesho yake bwana wangu aliondoka na sanduku ya vyombo na kopo yenye nusu ya grese. Alisema siku mbili.

Siku ya pili hakurudi. Siku ya tatu pia. Yule mama alikuja kila asubuhi kabla ya soko, akapaka mafuta, akafunga kitambaa laini, na mi nikakusanya nywele zilizokatika. Ya kwanza zilikuwa chache, ya tatu zilijaa kiganja. Wifi hakutaja wembe tena. Alikuwa anasali na mi, bega kwa bega, na baada ya kutoa salamu hatukuangaliana. Nilimuomba Mungu vitu viwili, nikaona haya kwa cha pili, kuomba nywele wakati kuna watu wanaomba maisha. Nikaomba hivyo hivyo.

Siku ya tano, saa ya alasiri, lori ikapiga honi mwanzo wa barabara yetu. Alishuka amejaa vumbi, macho tu yanaonekana. Barabara ilikuwa imefungwa, wamelala chini ya gari huku maaskari wakipita. Alisema hayo baadaye. Pale alisema tu, “Kuna maji?”

Binti alimushika mukanda wa suruali hakumuachia. Halafu akaenda ndani, akatoka na makasi, akayapeleka mwenyewe kwa jirani. Nilimusikia uani akisema, “Mama, amerudi. Njoo.”

Yule mama alikuja na mikono ikinuka avoka. Baba alikaa mbele juu ya bido, dumu la maji, hajaoga bado, ameshika kitambaa chini ya kidevu cha binti yake kukinga nywele zinazoanguka. Makasi yalipita kote, sawasawa, mpaka urefu wa kidole. Binti hakulia. Alikuwa anamuangalia baba tu, na baba hakucheka safari hii.

Yule mama alipomaliza akachukua kile kichupa cha mafuta meusi. Kilikuwa kimebaki kidogo sana. Binti akakipokea mukononi mwake, akaja akakaa katikati ya magoti yangu, akainamisha kichwa.

“Pole pole, Mama,” akasema.