Kavetsa na Karai la Ogola

Huhitaji kumwona Kavetsa ndipo ujue amefika. Sauti yake hutangulia. Kabla ya kusomea uuguzi alimsaidia mamake kuuza kabichi sokoni Kawangware, na mpaka leo anakusalimia kama mtu anayegombania mteja na meza ya pili. Lakini mtu huyohuyo akiinama kando ya kitanda cha upasuaji, sauti inashuka, na mgonjwa aliyekuwa akitetemeka anafumba macho na kumfuata popote anapompeleka.

Ndiyo kazi yake katika hospitali yetu ndogo. Dawa ya usingizi ikiwa bado kwenye sindano, yeye humtembeza mgonjwa kwa mawazo hadi mahali palipo na raha. Moyo unatulia, na dawa kidogo inatosha. Karibu wote aliwapeleka ushago, nyumbani kijijini. Sisi wa Western tunaipenda sana safari hiyo. Mimi mwenyewe, kazi yangu ikiwa kuangalia mashine ya presha, nimewahi kusinzia nikiwa nimesimama.

Kisha akaja Ogola, fundi wa makarai kutoka Laini Saba. Bati lilimchana kiganja cha kulia na kukata kano zinazokunja vidole, vidole vikabaki vimenyooka kama vya sanamu. Mara mbili tulimlaza mezani, na mara mbili woga ukapandisha presha hadi Daktari Nalianya akaahirisha. Mara ya tatu daktari hakumficha: kano zilikuwa zinazidi kurudi nyuma, na zisiposhonwa siku hiyo, mkono huo haungeshika nyundo tena. Ogola hajui kazi nyingine.

Kavetsa akaanza, sauti kama uji wa moto. "Fumba macho, baba. Uko ndani ya gari, umelala, linaenda polepole. Mmepita Kisumu. Sasa mnaingia kwa boma. Watu wote wametoka kukupokea, dada zako, shangazi zako, wanakushusha polepole..."

Mashine ikaanza kulia. Ogola akaketi wima.

"Sister! Mbona unanizika?"

Hapo ndipo tulipoelewa. Kwao kando ya ziwa, anayefika nyumbani amelala, akashushwa na watu huku ukoo mzima umesimama uani, ni maiti. Kavetsa alikuwa amemfanyia mazishi kamili, imebaki udongo tu. Daktari aligeukia ukutani mabega yakicheka. Mimi nilitaka kulia, maana presha ilikuwa imepita ile ya mara zote mbili.

Kavetsa alijifunika uso, kisha akavuta kiti. Si mtu wa kukwama.

"Pole sana, baba. Nyumbani tuachane nako. Niambie, wewe ukiwa wapi ndiyo roho inatulia kabisa?"

Ogola alifikiria. "Kwa kazi. Nikigonga karai."

"Na hizo kelele zote?"

"Kelele ni zenu. Mimi sizisikii."

"Basi nifunze. Chagua bati."

Akafumba macho. Akachagua la pipa, kwa kuwa ni zito. Kavetsa akamkalisha kwenye kigoda chake, akamwekea nyundo mkononi, mkono huohuo wa kulia, akamwambia ausikie uzito wake. Kisha akaanza kugonga ukingo wa kitanda kwa kidole, taratibu, na Ogola akamrekebisha: "Usianzie katikati. Zunguka." Wakazunguka. Namba za mashine zikaanza kushuka, nami nikamwonyesha daktari kidole gumba. Dawa ikaingia.

"Hapa kwa ukingo usitumie nguvu," Ogola akasema. "Iache nyundo..." Akalala.

Daktari Nalianya alishona mpaka shingo ikamkakamaa. Baadaye zilikuja wiki za mazoezi, na Ogola alilalamika kila siku aliyokuja, lakini alikuja.

Siku daktari alipomwambia akunje ngumi, ukumbi ulikuwa umejaa wagonjwa. Vidole vilisogea kidogo, vikasita, kisha vikajifunga vyote. Kavetsa akapiga vigelegele vya soko zima, na wagonjwa wasiojua kisa wakaitikia. Ogola akamshika mkono, akaubana.

"Aii, baba, unaniumiza!" Kavetsa akasema huku machozi yakimtiririka.

Ogola akazidi kubana.