Gramu za Konzi ya Shangazi

Nilipomaliza shule ya jioni, cheti changu nilikitundika juu ya friji, mahali ambapo hata jirani aliyekuja kuomba barafu angelazimika kukisoma. Nilifaulu hesabu kwa kishindo. Mtaa wetu wote wa Rosettenville ulijua, na nadhani hata farasi wa uwanja wa mbio wa Turffontein walisikia.

Ndiyo maana shangazi yangu aliniletea mimi kazi ile. Tangu tutoke Bukavu amekuwa akiuza maandazi kwa madereva wanaposimama kwenye robot, kama watu wa huku wanavyoziita taa za barabarani. Sasa duka moja la mikate mtaani kwetu lilimtaka akapike ndani, chini ya paa, mvua imkose. Sharti lilikuwa moja: mwokaji wa pale, Mmsumbiji anayekijua Kiswahili, hapimi kwa kikombe. Alitaka gramu kwenye karatasi, na maandazi ya majaribio angeyakanda mwenyewe akifuata karatasi hiyo. Yakiharibika, shangazi anarudi kwenye robot.

"Vikombe kumi vya unga, Profesa," shangazi aliniambia. "Geuza."

Nikageuza! Niliazima mizani, nikajaza kikombe chake cha bati, nikakata kilima kwa kisu mpaka unga ukalala sawa kama maji ya bwawa. Gramu mia moja na arobaini. Mara kumi: kilo moja na gramu mia nne. Nilirudia hesabu mara elfu moja, nikapiga mistari miwili chini ya jibu.

Siku ya majaribio mwokaji alitia kila kitu kama nilivyoandika. Akakanda. Akakanda tena. Alipoinua mkono, donge likamfuata mpaka kiwikoni, likidondoka kama uji wa mgonjwa.

"Mama, hili andazi tutalila kwa kijiko?"

Shangazi akanigeukia mimi. "Umeandika nini, wewe?"

"Vikombe kumi, Shangazi! Ulivyosema!"

"Na matabishi?"

"Matabishi gani?"

Akashika kiuno. Sokoni kwetu Bukavu, muuza unga akishajaza kipimo huongeza konzi moja ya bure. Hiyo ndiyo matabishi, na asiyeitoa hamwoni mteja tena.

"Kila kikombe na konzi yake," alisema. "Ulidhani najipunja mwenyewe, jikoni kwangu?"

Mwokaji alicheka mpaka kofia ikatumbukia kwenye uji wetu. "Eish, Mama! Unajipa nyongeza wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine atanipa huku?"

Shangazi akazamisha mkono kwenye gunia, akaweka konzi juu ya mizani. Gramu sitini. Konzi ya pili, sitini. Ya tatu ikatoka hamsini na tisa.

"Mizani imechoka," akasema.

Zikaingia konzi kumi, donge likashikamana, na maandazi yakavimba kwenye mafuta hadi nikaihofia dari. Shangazi alianza kazi Jumatatu.

Nilimwandikia mwokaji karatasi mpya: unga, kilo mbili kamili. Aliisoma kwa heshima, akaikunja, akaitia chini ya mguu wa meza iliyokuwa ikiyumba. Siku hizi hupima kilo moja na gramu mia nne, kisha huita, "Mama, matabishi!" Shangazi huja na konzi zake kumi, akizihesabu kwa sauti.

Nimewaeleza mara milioni kwamba jumla ni ile ile.

"Sawa, Profesa," shangazi hunijibu. "Nenda ukaitundike na hiyo juu ya friji."