Chupa ya Kumpokea Tonton Déo

Harufu ile ilinikuta juzi kwenye tram, imetoka kwenye shali ya mama mmoja: udi, nazi kidogo, na ubao uliolowa mvua. Niliteremka kabla ya kituo changu. Huenda nakosea, pua si kitu cha kuapia, lakini niliijua.

Katikati ya miaka ya tisini papa alikuwa akisafisha ofisi hapa Ulaya, mtaa wa Schuman. Mjapani mmoja wa ofisi zile, siku alipomaliza kazi kurudi kwao, alimpa chupa ya wiski. Papa alitueleza kana kwamba ameitengeneza mwenyewe: shayiri tupu, imelala miaka mingi ndani ya pipa la mwaloni wa kwao Japani, mti mkaidi unaovujisha, mafundi wanaulaani na bado hawauachi.

"Muti ya kwabo!" alisema. "Inabasumbula, na banaipenda ile ile."

Akaiweka juu ya kabati. "Hii hakuna muntu anafungula mupaka Déo anaingia kwa ile mulango. Tumesikilizana?"

Déo alikuwa mdogo wake, tonton wangu, aliyebaki Bukavu. Vita ilikuwa imefika kule, na simu zake zilikuwa zimekatika. Kila papa alipopita karibu na kabati aliitazama chupa, na sisi tukamtazama yeye.

Mimi niliifungua. Nilikuwa na miaka tisa, nyumba haina mtu, nikapanda kiti. Sikunywa, nilinusa tu. Ilinuka udi, kama misa ya maziko. Kizibo kilikatika kidogo, nikakisukuma ndani kwa kidole gumba, nikairudisha chupa mahali pake.

Kesho yake simu ililia, papa akiwa mezani. Maman alisikiliza muda mrefu mno, ametugeuzia mgongo, kisha akaiweka simu chini. "Mauvais numéro," akasema, yaani mtu amekosea namba. Jioni papa akaitaka redio, asikie habari za kwetu. Maman akamwambia betri zimekufa. Nilikuwa nimemwona akizitoa na kuzizika ndani ya mfuko wa mchele. Sikuuliza. Nilikuwa na hakika chupa, kwa kufunguliwa kabla ya Déo, imeanza kazi yake, na aliyeipa ruhusa ni mimi.

Siku nane zikapita hivyo. Maman alipika, alipiga pasi, hata alicheka, lakini alicheka mapema, kabla mtu hajamaliza kusema.

Jumapili baada ya misa wakaja wazee wanne wa Bukavu, na hawakuvua makoti. Kwetu mtu haambiwi msiba wa ndugu kwa simu, wala mke hambebeshi mume peke yake. Wakubwa huja wakamketisha. Wakati ule sikulijua hilo. Niliona makoti tu.

"Papa Nadine, ikala kwanza," alisema mkubwa wao, akimwita kwa jina langu.

"Nimeshaikala, mukubwa. Sema."

Wakasema. Papa hakulia. Aliishusha chupa, akaona kizibo kilivyokatika.

"Nani amefungula?"

"Ni mimi," maman akajibu kabla sijavuta pumzi.

Papa akawamiminia wazee.

Miaka mingi niliamini kwamba nilimwua tonton kwa pua yangu. Nisimwonee maman: alinikinga, hakujua anachoniachia. Nilipomwungamia, nikiwa tayari na watoto wangu, alishika mdomo. Kumbe Déo alikuwa amekufa wiki mbili kabla sijapanda kile kiti.

"Na papa, hakushuku kitu siku zote zile?" nikauliza.

Papa mwenyewe akajibu kutoka kwenye kochi, bila kugeuka. "Mimi nilijua siku ile ile ya simu. Muntu anasikilizaka mauvais numéro vile? Lakini mama yako alikuwa anangoja bakubwa. Bon, nikamungojea."

 Siku nane walilala kitanda kimoja, kila mmoja macho, akimwachia mwenzake usingizi wake, na mimi, chumba cha pili, nikidhani ni mimi peke yangu niliyekesha.