Korongo wa Mnara wa Don Evelio

Eufrasia alizaliwa ndani ya kuta kongwe za mji wa Cáceres, Uhispania, katika kijumba kilichoegemea mnara wa mawe wa ukoo wa Don Evelio. Don Evelio alipoamua kugeuza jumba lake kuwa hoteli, aliwafukuza wapangaji wote. Mama yake Eufrasia alikuwa hoi kitandani, anaumwa kifua. Wakamteremsha ngazi za mtaa juu ya kiti cha jikoni. Akafia katika ghorofa moja nje ya kuta, kabla mizeituni haijavunwa.

Eufrasia hakulia mbele za watu. Hoteli ilipofunguliwa, alikwenda kuomba kazi ya udobi. Don Evelio hakumtambua; hakuwa mtu wa kuwatazama wapangaji usoni. Akampa funguo za mnara, awe anaanika mashuka juu.

Januari ile Eufrasia alipandisha gurudumu bovu la mkokoteni, kipande baada ya kipande, chini ya nguo kapuni. Akaliunga kileleni, akatandaza vijiti, akavimwagia chokaa mfano wa kinyesi cha ndege, vionekane kama kiota cha zamani. Korongo hupenda kujenga palipokwisha kujengwa. Februari wakaja. Chini yao ndipo palipokuwa na baraza, wageni wakila jibini na nyama ya nguruwe iliyokaushwa.

Mwezi Mei Don Evelio alimwoza bintiye barazani hapo. Padri hajamaliza kubariki meza, nusu ya nyoka ikadondoka kutoka kiotani juu ya keki, na kinyesi kikamchirizika bwana harusi begani. Wakwe kutoka Madrid waliondoka bila kuaga. Kiota hakikuweza kuvunjwa, maana korongo wanalindwa na sheria.

Don Evelio alipopanda mnarani akaona lile gurudumu, akajua. Akamfuata Eufrasia penye mabeseni.

“Ni wewe. Nimekukosea nini, mama wee?”

“Mimi binti wa Petra, yule mgonjwa uliyemtupa nje.”

Don Evelio akasema atampa anachotaka, mradi ndege waondoke.

“Kawafukuze mwenyewe. Kufukuza si unajua?”

Alimwachisha kazi siku ileile. Mwaka uliofuata viota viliongezeka, na baraza ikafungwa. Jirani walimuuliza Eufrasia kama sasa moyo umetulia. Akasema bado. Don Evelio alikuwa ameililia harusi tu, Petra hajamlilia.