Fundi wa Gesi ya Samadi

Fundi wa gesi ya samadi hakai. Ukimpa kiti, anakigonga miguu kama anayekikagua, kisha huyo, anarudi nje kupaka povu la sabuni kwenye maungio ya bomba ambayo ameshayapaka mara tatu, aone kama pana panapovuja. Chai ya kuni hanywi. Atasubiri ya gesi, hata ikichukua mwezi. Vidole vyake vinanuka zizi, na anakusalimia navyo bila aibu.

Leo majirani watano wamejaa jikoni kwa mama mwenye ng'ombe wawili, waone moto kwanza ndipo nao wachimbe mashimo yao ya samadi. Fundi kawasha kiberiti. Jiko likakohoa, likazimika. Cha pili, vivyo hivyo.

"Kumbe hadithi," jirani mmoja akasema. "Bora kuni zangu, hazina fundi."

Mama akamvuta fundi pembeni. "Mwanangu, wiki nzima nimeosha zizi kwa dawa. Wageni wanakuja, nikaona haya, harufu ile." Dawa ilikuwa imeingia shimoni na samadi, ikaua vijidudu vinavyotengeneza gesi. Mama akainama kusubiri matusi, maana ulimi wa fundi ni wembe. Ukutani ipo karatasi yenye mwandiko wa fundi mwenyewe: USIOSHE ZIZI KWA DAWA. Fundi akarudi nyuma hatua mbili, akaifunika kwa mgongo.

"Kosa langu, jamani. Sikumwonya mama kuhusu dawa. Rudini baada ya mwezi," akasema, vidole vikiparuza karatasi kule nyuma. "Msipokuta moto, nipikeni mimi kwa kuni zenu."