Mshale Hautangulizi Mkia

Mwanangu, naikumbuka vizuri siku niliyolitoa gari la watu kwenye shamba la mtama, kinyumenyume, kijiji kizima cha Nyakunguru kikitazama.

Miaka ya hamsini hiyo. Gari lilikuwa la mbio, la milango miwili, paa limeteremka mpaka nyuma kama mgongo wa kobe. Injini iko nyuma, buti iko mbele. Siku ya kwanza nililizunguka mara mbili kuhakikisha sijachezewa. Mwenyewe alikuwa mzungu mpima miamba, tukimwita Bwana Nyundo, naye alitafuta dereva. Shida ilikuwa kona moja ya mteremko: ukiiingia kwa kasi, mkia unataka kupita kichwa.

Mimi nilikuwa nimezoea malori. Lori tupu likirukaruka nyuma, unalipakia, linatulia. Basi nikashindilia magunia mawili ya mchanga nyuma ya viti, bila kumuuliza mtu. Ndipo kwenye kona ile, Bwana Nyundo kando yangu, tukaenda kusalimia mtama.

Bwana Nyundo alijipangusa vumbi. "Jumamosi nitakaa kando yako tena. Mkia ukiteleza, naleta dereva wa Kisumu."

"Usipoteleza," nikasema, "kazi ni yangu, na babu yangu anapanda."

Alicheka, akakubali. Hata ukiwa umesimama kwenye mtama wa watu, mwanangu, usikubali bei ya kwanza.

Babu alikuwa fundi wa mishale. Nilimkuta akifunga manyoya.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba. Nasikia umeanza kilimo."

Nilipomweleza habari ya magunia, alinipa mshale wenye chuma kizito. "Urushe. Tanguliza manyoya." Nikaurusha. Haukufika mbali, ulijigeuza hewani, chuma kikaja mbele.

"Umeona? Uzito hutaka kutangulia. Wewe umeuweka mkiani, halafu unamlaumu nani?"

"Na manyoya, babu?"

"Hayo yanashikwa na upepo, mkia usitangetange. Kuuliza si ujinga, lakini wewe umeuliza baada ya mtama."

Jumamosi magunia yalikuwa kwenye buti, mbele. Mkiani nilifunga mapezi mawili ya bati, yamesimama wima. Bwana Nyundo akauliza, "Hayo nini?"

"Manyoya, bwana."

Babu alijikunja nyuma, magoti masikioni. Kwenye sehemu iliyonyooka niliachia gari likaruka na upepo, na mkia ukatulia kimya. Kabla ya kona nikapunguza mwendo. Nikaingia, nikakanyaga mafuta taratibu, sikuyaachia mpaka tukatoka upande wa pili. Gari likazunguka kama limefungwa kamba.

Bwana Nyundo aliniambia nisimamishe gari, tukarudi kwa miguu kutazama vumbi. Mkia ukiteleza, magurudumu ya nyuma huchora njia yake, michirizi inakuwa minne. Alihesabu miwili. Nami nikahesabu: miwili. Nikarudia: miwili.

"Kazi ni yako," akasema.

Babu akatoa kichwa dirishani. "Basi rudia, ndugu yangu kule kijijini hajaniona!"

Tulirudia mara tatu. Na yule wa Kisumu, nadhani bado anangoja kuitwa.

Sikia sasa, mwanangu. Ujuzi wa kazi ya jana usiushindilie kwenye kazi ya leo kabla hujauliza. Muulize hata mzee asiyejua usukani. Huenda anajua upepo. Na ukiwa na wasiwasi, umalize kabla ya kona; katikati ya kona usilegeze mguu.

Mungu akutangulie mbele kama chuma cha mshale, na nyuma akupe manyoya ya kukutuliza. Na njia zako, atakayezihesabu mara mbili azikute zimenyooka.