Sarafu ya Bibi Mwanaidi

Mwanangu, ipo siku moja pale Kwamsisi ambayo hadi leo haijanitoka. Ndiyo kwanza watu walikuwa wamehamia kijiji cha ujamaa, nami nimetoka chuo kikuu, nimepewa darasa la kisomo cha watu wazima. Nilikuwa nahoji kila kitu, hata salamu.

Darasani alikuwapo Bibi Mwanaidi, mjane asiye na mtoto. Alikuwa na sarafu nyembamba yenye tundu la mraba katikati, ambayo babu yake aliipata Pangani, na kijiji kizima kiliamini ni ya Wachina. Mtoto akizaliwa, wazazi walikwenda kumwomba sarafu hiyo, wakaifunga kwa uzi mkononi mwa mtoto iwe kinga mpaka arobaini. Kuirudisha kulikuwa na sharti moja: mtoto mwenyewe aletwe, bibi ampakate. Hivyo yule aliyekosa kuzaa alipakata watoto wa kijiji kizima.

Alasiri ile aliniomba nimsomee maandishi ya sarafu ile. Niliigeuza, nikacheka. Chuoni tuliwahi kuonyeshwa za namna hiyo.

“Bibi, hii si ya Wachina. Ni ya kuiga. Huko kisiwa cha Java, sarafu za Kichina zilipopungua sokoni, wenyeji walijitengenezea zao. Tazama herufi zilivyopinda. Aliyeiga hakujua hata kusoma.”

“Kama sisi humu!” akasema mzee mmoja, watu wakaangua kicheko.

Bibi hakucheka. Aliifunga kwenye pindo la kanga yake.

Akazaliwa mtoto, akazaliwa mwingine. Hakuna aliyekwenda kuiomba. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika safu, na masika yale majani yaliota mpaka kizingitini. Nilipoyaona nikashikwa na aibu, nikaenda.

“Hodi! Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, msomi. Umekuja kuikagua tena?”

“Nimekuja kuomba radhi.”

Akaifungua sarafu kwenye pindo la kanga. “Hao watu wa huko Java, sarafu hii waliinunulia chumvi?”

“Waliinunulia. Sokoni ilipokelewa.”

“Sasa mbona hilo hukulisema?”

Nilikuwa nalijua, mwanangu. Nililiacha kwa kuwa lingenipunguzia ushindi.

Baadaye nililisema darasani, watu wakaitikia tu, na majani hayakukanyagwa. Bibi alifariki kabla ya mavuno. Sarafu aliniachia mimi, niitumie nikipata mtoto. Sikupata; hata wewe nakuita mwanangu kwa mapenzi tu. Miaka mingi nimewasahihisha watu, wakachoka nami, na hapa Korogwe siku hupita bila kusikia hodi. Sarafu nimeitundika kwenye msumari karibu na mlango.

Basi hoji, sikukatazi. Lakini ukishajua kitu kimetoka wapi, uliza pia kinamfaa nani, na useme yote unayoyajua, hata yale yasiyokupa ushindi. Na siku utakayojaliwa mtoto, njoo uichukue sarafu. Sharti la kuirudisha ni lile lile. Mola akupe mlango unaobishwa hodi asubuhi na jioni, na majani yasiote kizingitini mwako.